Wifi Alipotoka Chumbani

Jumatatu, 3 Juni

Leo tumetia vanila ya kwanza kwenye maji moto, kilo themanini na nne. Tukaiopoa, tukaifunga kwenye mablanketi ikiwa bado inatoa mvuke. Mwaka jana mvua ilinila: kilo sita mbichi zilinipa moja kavu. Mwaka huu nataka tano kwa moja, na nitaipata. Nilianza na miche arobaini niliyoombaomba kwenye mashamba ya watu, sasa nina mashina elfu moja na mia tisa, na hakuna aliyenisaidia kuchimba hata shimo moja isipokuwa mume wangu Lisiate.

Nimemwambia mablanketi yote ya nyumba hii ni ya vanila mpaka mwisho wa Agosti, yeye atalala na shuka. Akasema basi nimfunge na yeye nimwanike, labda atanukia. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja.

Jumapili, 9 Juni

Jua zuri kuliko la wiki nzima, na ni Jumapili. Hakuna kazi, hakuna kuanika, hata ndege za abiria haziruki, ndiyo sheria ya Tonga siku ya Mungu. Limewaka bure.

Jumatano, 12 Juni

Mvua. Vanila imo ndani.

Alhamisi, 13 Juni

Mvua.

Ijumaa, 21 Juni

Tumeanika tangu asubuhi. Lisiate alipokuwa akirudi na kapu la viazi vikuu alisimama mara mbili kwenye kile kilima kidogo cha nyuma ya nyumba. Nikamwuliza anatazama nini. Mawingu, akasema. Hapakuwa na wingu.

Alhamisi, 27 Juni

Wifi Ofeina amepita akitoka zamu, bado amevaa sare ya unesi. Lisiate alikuwa barazani kifua wazi. Kusikia tu sauti ya dada yake nje ya uzio, akaruka ndani, akavaa shati, akazima redio, akatokea mlango wa nyuma. Miaka ishirini na nane ya ndoa, na sijawaona hawa wawili wameketi pamoja kwenye chumba kimoja. Kwa hilo sina neno. Ndivyo tulivyolelewa sote: kaka hamtanii dada yake, hafunui mwili mbele yake, hatamki habari za mwili akiwa karibu, hata kuumwa tumbo. Mimi mwenyewe kaka yangu hajawahi kuniona nimejifunga kanga ya kuogea.

Neno langu ni kwamba dada mtu yuko juu siku zote, na mke wa kaka yuko jikoni siku zote. Harusi ya binti yetu Vika, mikeka kumi na mmoja, na mizuri mitatu ilikuwa imefumwa na mama yangu: yote kwa Ofeina. Mazishi ya baba mkwe, mimi siku tatu kwenye moshi, yeye ameketishwa mbele kama malkia. Na leo amechambua vanila yangu, akatoa zile ndefu, nyeusi, zenye mafuta, akasema, "Hizi zitanifaa, wifi." Nikamwambia asante. Huku kwetu anayenyang'anywa ndiye anayesema asante.

Jumanne, 2 Julai

Mvua tangu alfajiri. Kitita kimoja kimeanza ukungu. Nimekifuta ganda moja moja.

Jumatatu, 8 Julai

Jua. Lisiate ametazama mawingu tena.

Jumamosi, 13 Julai

Lisiate amerudi mapema kutoka kwenye kikao cha wanaume cha kunywa kava, ameoga, amejipaka mafuta ya nazi, ananichekea chekea tangu jioni. Nimemwuliza ana nini, akasema mtu haruhusiwi kumpenda mkewe? Vanila yote imo ndani, imefungwa vizuri. Sitaandika zaidi.

Jumatano, 17 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Niandike kwa mpangilio, maana kichwani mambo yamechanganyika.

Ilikuwa Jumapili, kanisani. Lisiate huimba sauti nzito, mstari wa nyuma. Katikati ya wimbo wa pili nikasikia haimo. Ukizoea sauti ya mtu kiasi hicho, ikitoka kwenye wimbo unasikia shimo. Nikageuka: ameketi, kiganja kwenye taya, shati limelowa. Akaniashiria kwamba ni jino. Jino lenyewe la upande huo liling'olewa mwaka juzi. Nikapita mbele ya mchungaji na watu wote, nikamshika mkono, nikamtoa, nikampakia kwenye pikapu kati ya makapu.

Hospitali yetu ina daktari mmoja, Daktari Mahe, na Jumamosi alikuwa amemsindikiza mgonjwa mji mkuu, Nuku'alofa, kwa ndege. Kurudi Jumapili haiwezekani. Nesi Losaline alikuwa chumba cha uzazi, na mtoto alikwisha kutoa kichwa. Aliyebaki ni mmoja tu. Wifi yangu.

Lisiate alipomwona aligeuzia uso ukutani, akasema kwa sauti ya heshima, kama anamjibu mchungaji, kwamba ni gesi tu, jana alikula nguruwe. Ofeina akatazama sakafu, akauliza maumivu yako wapi.

"Hayapo."

Jasho linamdondoka kidevuni, anasema hayapo. Angekufa hivyo hivyo na adabu zake.

Ofeina hakubishana. Alinipa mimi vidonge vya aspirini nimtie mdomoni, atafune. Akasukuma mashine ya kupima moyo mpaka kitandani, akavuta pazia, akasimama upande wa pili. Kutoka huko akaniambia nimvue shati na nibandike vile vibandiko vya waya. Kifuani ni sita, na kila kimoja kina mahali pake. "Shuka kutoka kwenye mtulinga. Usihesabu mbavu, hesabu nafasi kati ya mbavu. Nafasi ya nne, kulia kwa mfupa wa katikati, hapo kimoja. Kushoto kwake, cha pili."

Mimi nakadiria uzito wa kapu kwa kulitazama tu, lakini mbavu za mume wangu zilinipotea mara mbili. Nikasema nimekosea. Sauti ya nyuma ya pazia haikupanda hata kidogo.

"Anza tena juu, wifi. Muda wa kuanza tena upo. Wa kukosea ndio haupo."

Nikaanza tena. Karatasi ilipotoka nikampitishia chini ya pazia. Nikamsikia anampigia daktari simu. Mshipa wa mbele wa moyo umeziba. Daktari alinieleza baadaye kwamba kwenye nchi kubwa huingiza waya wakauzibua papo hapo, na kwamba Tonga nzima hakuna anayeifanya kazi hiyo. Tulichokuwa nacho ni boksi moja la dawa kwenye friji, ya kuyeyusha bonge la damu. Lakini dawa ile haichagui. Kama mtu ana kidonda tumboni au kichwani, itamwaga damu huko huko. Kwa hiyo maswali kwanza, dawa baadaye.

Hapo ndipo Ofeina alipopitisha simu pembeni ya pazia, akaniwekea mkononi. Akasema daktari atauliza, wewe mwulize, yeye ajibu. Akatoka. Si kando ya mlango: nje kabisa. Akafunga mlango nyuma yake, nikamwona dirishani anakwenda mpaka kwenye tangi la maji, akasimama ametupa mgongo.

Nilimchukia. Naliandika kama lilivyokuwa. Nilisema moyoni, mikeka kumi na mmoja ulijua kuibeba, leo kaka yako anakufa umekwenda kusimama kwenye tangi.

Daktari akaanza. Amewahi kupigwa kichwani? Amewahi kupooza upande? Amepasuliwa karibuni? Choo chake kimewahi kuwa cheusi? Nilikuwa nauliza, Lisiate anajibu hapana, hapana, kwa pumzi fupi. Kisha daktari akakohoa.

"Mama, unisamehe. Kuna kidonge cha chini ya ulimi ambacho huwa tunawapa watu wa namna hii. Kabla ya hicho, mwulize kama jana au leo ametumia dawa za nguvu za kiume."

Nikamwuliza. Lisiate hakunitazama mimi, alitazama mlango.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Mbali?"

"Yuko kwenye tangi."

Akafumba macho. "Moja. Jana. Alinipa binamu aliyetoka Auckland." Halafu akasema, "Sikutaka unione nimezeeka."

 Mimi nilimpangusa jasho, nikamwambia daktari: moja, jana usiku.

Daktari akashusha pumzi hata mimi nikaisikia. Kidonge cha ulimi marufuku, akasema. Viwili hivyo vikikutana presha inaanguka, na kwa moyo ulivyo sasa tusingemrudisha. Mwite Sista, tuanze dawa ya bonge.

Nilimwita. Aliporudi nikamwambia daktari amekataza kile cha ulimi. Hakuuliza kwa nini. Kichupa chenyewe kilikuwa tayari kwenye sinia, alikuwa amekiweka yeye. Akakichukua, akakirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo ukamponyoka ukaanguka chini.

Aliitia dawa akitazama mkono tu, kuanzia kwenye kiwiko kwenda kwenye vidole, kama vile mkono huo haukuwa na mwenyewe. Tukasubiri. Rangi ya Lisiate ikaanza kurudi. Akaniambia maumivu yamelegea, akaanza kuniuliza kama pikapu nimeifunga, na katikati ya neno akakatika. Macho yako wazi, mtu hayumo. Mashine ikalia.

Sijui pazia lilikwenda wapi. Nilimwona Ofeina amepiga magoti juu ya kitanda, mwanamke wa miaka hamsini na saba, amefungamanisha viganja kwenye kifua kitupu cha kaka yake, anakandamiza kwa uzito wake wote na kuhesabu kwa sauti mpaka thelathini, kisha upya. Losaline akaingia mbio na damu ya uzazi kwenye aproni. Wakaniambia nisimguse. Wakampiga umeme. Ofeina akarudi kifuani, akahesabu tena, na mahali fulani kwenye ishirini hivi Lisiate akaguna.

Ofeina aliposhuka alivuta shuka akamfunika mpaka shingoni. Akavuta pazia likarudi mahali pake. Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipeleka korido.

"Akiuliza, ni wewe."

Nikamwambia mimi sijui hata pa kuanzia.

"Ni wewe, wifi. Mimi nilikuelekeza nikiwa nyuma ya pazia. Akijua ni mimi hatakanyaga tena hapa kwa aibu, na moyo ule utaihitaji hospitali hii maisha yake yote. Mwambie ni wewe."

Ijumaa, 19 Julai

Daktari Mahe alirudi Jumatatu na ndege ya kwanza. Leo ametuwekea karatasi mbili, ya kabla ya dawa na ya baada, akanionyesha mstari uliokuwa umenyanyuka sasa umelala. Dawa imefungua mshipa. Haijulikani utakaa wazi muda gani: hilo linategemea vidonge vitano kila siku, kliniki kila wiki mbili, na Lisiate mwenyewe. Akiacha, bonge lingine linakuja, na boksi lilikuwa moja.

Lisiate anaumwa mbavu. Ameniambia, "Telesia, una mkono mzito." Nikacheka.

Mvua. Vanila anaitunza jirani, vibaya.

Jumatatu, 22 Julai

Mke wa mchungaji ameniletea kuku. Wanawake wa kwaya wameleta mikate ya nazi. Kila mmoja anataka nimsimulie nilivyomkandamiza. Nimesimulia mara saba, na kila mara nazidi kuwa hodari. Mwenye sifa zake anapita nyuma yao kwenye korido na beseni la shuka chafu.

Alhamisi, 25 Julai

Tumerudi nyumbani jana. Leo saa ya kufunga vanila Ofeina akaja, na kwa kuwa Lisiate amelala ndani, aliketi nje nami kwenye mkeka. Nilidhani amekuja kuchagua. Akaanza kufunga. Anafunga vizuri, mkono mwepesi.

Nikamwuliza lile lililonikaa kooni. Kwa nini alikwenda mbali vile, pazia lisingetosha?

Hakuinua kichwa. "Pazia linazuia macho, wifi. Masikio je? Daktari yeyote lazima angeuliza swali lile. Mimi nikiwa nyuma ya pazia, yeye angejibu hajatumia kitu chochote. Na mimi ningemtilia kidonge chini ya ulimi kwa mkono wangu huu."

"Ulijua alichojibu?"

"Nilifungulia bomba la tangi ili nisisikie. Wala usiniambie."

Tukafunga mpaka jua likaisha. 

Jumapili, 28 Julai

Jua kali. Hakuna kuanika. Leo sikulionea uchungu. Lisiate ameketi barazani, ametembea mpaka kwenye uzio na kurudi.

Alhamisi, 1 Agosti

Kliniki ya kwanza. Nilikwenda naye. Losaline alikuwa anampima presha huku anachonga mdomo, mtoto yule wa Jumapili ana afya, mama yake naye hajambo, na siku ile Sista Ofeina alivyopanda juu ya kile kitan—

Nikamkanyaga mguu. Yeye aliyekanyagwa ndiye akasema nisamehe, sikukuona. Nikamwambia hapana, nisamehe wewe. Lisiate alikuwa anatazama dari. Njiani kurudi aligeuzia uso dirishani, na mimi nikaona basi, yamekwisha, huyu harudi tena pale.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua siku ya nne. Nimeulizia kama kliniki yake inaweza kufanyika kwenye zamu isiyo ya wifi. Haiwezekani.

Alhamisi, 8 Agosti

Vidonge anameza. Kila asubuhi namsimamia, na kila asubuhi ananionyesha ulimi kama mtoto wa shule. La kliniki simwulizi, naogopa jibu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilipoamka hakuwa kitandani. Nilimkuta ameshaoga, ameketi kwenye pikapu upande wa abiria, ananisubiri nimpeleke kliniki. Akaniuliza tunachelewa kwa sababu gani. Pale hospitali Ofeina alijifanya ana kazi stoo, naye Lisiate akajifanya hajui kwamba yuko stoo. Presha ni nzuri. Sielewi kitu.

Jumanne, 20 Agosti

Tumepima vanila kavu ya mwanzo: kilo kumi na tano na nusu. Tano na kidogo kwa moja. Mwaka mwingine ningeimba. Leo nimefurahi tu.

Jumapili, 25 Agosti

Mchungaji amempa Lisiate nafasi ya kushuhudia. Alisimama ameshika kiti cha mbele, akasema alikuwa maiti na sasa yuko hai, na kwamba Mungu alitumia mikono ya mkewe Telesia. Kanisa zima likageuka kunitazama. Upande wa pili Ofeina alikuwa anajipepea, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Wengine wakalia. Mimi nilitazama kitabu cha nyimbo mpaka herufi zikachanganyika.

Baada ya chakula tulijilaza kwenye mkeka, upepo unapita mlangoni. Nilidhani amesinzia. Akasema, macho yamefumbwa:

"Nimelisema vizuri?"

"Lipi?"

"La mikono yako."

Nikafukuza nzi. Akaendelea, "Nilikuwa narudi kutoka huko nilikokuwa, nikasikia mtu anahesabu. Sauti ile ndiyo iliyonifundisha kuhesabu, Telesia, nikiwa mgongoni mwake. Nitaisahau?"

Nikamwuliza kwa nini basi amesimama mbele ya watu wote na kusema vile.

"Kwa sababu ndivyo alivyotaka niseme."

"Na yeye anajua kwamba unajua?"

"Huyo? Anajua hata nilichokula jana." Akajigeuza upande, polepole, maana mbavu bado zinauma. "Alhamisi nina kliniki. Usinicheleweshe tena."

Akalala. Nimewaachia wenyewe, dada na kaka. Kazi yangu mimi ni kupokea sifa, na kesho mke wa mchungaji analeta kuku mwingine.